Ufunguo Hauna Nakala

Nyinyi vijana mnaoandika programu mkiwa mmeziba masikio kwa muziki, hebu toeni upande mmoja mnisikilize. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, naishi peke yangu Kaaga, hapa Meru, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ambayo ikifanyika vizuri hakuna anayejua kwamba imefanyika. Nilikuwa nikitengeneza programu za kuendesha mitambo. Si zile za rangirangi mnazofungua kwenye simu. Ni zile za chini kabisa, zinazofungua na kufunga vyuma vinavyoweza kumvunja mtu mkono. Mtu mmoja walimpeleka hospitalini kwa sababu yangu, na nitafika hapo.

Nilisomea nadharia ya lugha za programu. Niliporudi nyumbani na shahada hiyo, mama yangu aliwatangazia watu kanisani kwamba binti yake amesomea lugha, na Jumapili iliyofuata nikaletewa insha za Kiswahili za watoto watatu nizisahihishe. Nilizisahihisha. Ningesema nini? Lakini kwa ufupi mambo yako hivi: kuna watu wanaongoja programu ikosee ndipo watafute kosa, na kuna sisi tunaotaka lugha yenyewe ikatae kosa hilo lisiandikike. Kazi yetu ni ukaidi. Tunatunga kanuni, halafu tunaiachia kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yako kuwa kazi ya mashine, iwe kaidi kwa niaba yetu hata siku ambazo sisi tumechoka.

Na tunachoka, msidanganywe. Siku moja nilitaka kujaribu valvu ya tangi la kanisa fulani. Nikaiandikia mashine ifungue kwa arobaini. Mimi nilimaanisha sekunde, mashine ikaelewa dakika, kwa kuwa arobaini ni arobaini na sikuwa nimeiambia ni arobaini ya nini. Ibada ilikuwa inaendelea. Maji yalijaa tangi, yakamwagika, yakaingia kwa mlango wa nyuma hadi miguuni pa kwaya, na kwaya haikuacha kuimba. Mchungaji alisema ni baraka, ila mwenyekiti wa kina mama alinipa tambara nipige deki. Tangu siku hiyo, katika lugha zangu, namba haipiti bila kusema ni namba ya kitu gani. Sekunde ni aina yake, dakika ni aina yake, na ukijaribu kuzichanganya kompaila inakurudishia kazi yako kabla haijafika kwa tangi la mtu.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Lile lingine halikuwa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na uwanja wa Kinoru, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Siku za mechi sikuhitaji redio, kelele za uwanjani ziliniambia nani amefunga. Tulianza tukiwa watatu. Wawili walienda Nairobi kutafuta maisha na sikuwalaumu, nikabaki na meza tatu. Mradi ulionilisha ulikuwa wa maji, upande wa Embu, juu kule Manyatta ambako mashamba ya majani chai yanagusana na msitu. Bomba kubwa linachukua maji msituni, maji yanateremka kwa uzito wake yenyewe, kisha yanagawanyika katika laini nne za kwenda manyumbani. Nguvu yake inatosha laini moja kwa wakati. Ukifungua mbili, bomba linavuta hewa, na popote palipo na kiungo dhaifu pataachia.

Kabla yetu, valvu zote zilifunguliwa kwa ufunguo mmoja wa chuma, mrefu kama mkono wangu, umefungwa kitambaa chekundu. Mwenye ufunguo ndiye anayefungua. Fundi akitaka kuingia kwenye chemba, lile shimo la zege ambamo valvu inakaa, kwanza anauchukua ufunguo na kushuka nao, kwa sababu ukiwa naye mle ndani hakuna mtu anayeweza kumfungulia maji usoni. Na kupokezana ufunguo kulikuwa na utaratibu. Anayetoa anauweka mkononi mwa mwenzake, halafu anainua viganja viwili vitupu na kusema, "Sina." Anayepokea anajibu, "Ninao." Hata wakiwa wawili tu kwenye mvua, hata wakiwa wamekosana tangu asubuhi, ilikuwa lazima.

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Njeru, Mwembu mwembamba, mpole, aliyekuwa akiniita Daktari kunitania, nami sikuwahi kuwa daktari wa chochote. Nilipouona utaratibu ule mara ya kwanza nilicheka. Nikawaambia wazee wa kamati kwamba hayo yote nitayaondoa. Nitaweka mota kwenye valvu, ufunguo utakuwa kwenye simu, mtu atampa mwenzake kwa kubonyeza. Wakapiga makofi. Mzee Njeru hakupiga. Aliuliza swali moja tu.

"Na huyo wa simu, ataonyesha mikono?"

Nilimjibu kwamba mashine haina mikono, na watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho bado nakisikia.

Programu ya kwanza niliiandika kwa ile lugha ya kawaida ya mitambo midogo, inayokuruhusu kufanya lolote. Mimi niliyesomea ukaidi! Nilikuwa na haraka, na nilijiambia kwamba kwa valvu nne tu nadharia ni mbwembwe. Ufunguo ulipotoka kwa mtambo kwenda kwa fundi, programu ilimwandikia fundi kwamba anao, ikaweka alama upande wa mtambo kwamba umetoka. Alama tu. Ufunguo wenyewe ulibaki pale kwenye kumbukumbu, ukifichwa na alama. Nilijaribu mara nyingi sana kama anayepewa anapata. Sikujaribu hata mara moja kama anayetoa anabaki bila.

Asubuhi moja ya kiangazi Mzee Njeru aliuchukua ufunguo kwa simu, akautia mfukoni, akashuka kwenye chemba ya laini ya tatu kubadilisha raba ya kiungo. Mtandao ukapotea, umeme ukapotea, kisha vyote vikarudi. Mtambo uliamka bila ile alama, ukajitazama, ukajiona una ufunguo. Ilikuwa saa ya laini ya tatu kupata maji, nao ukafungua. Kiungo kilichokuwa kimelegezwa kilimrukia. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na angepoteza zaidi kama wachuma chai hawangesikia.

Nilisafiri hadi Embu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningefurahi kutukanwa. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, akinywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Daktari," akasema, "mashine haikuonyesha mikono."

Nililia mbele ya wodi nzima. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Ndipo nikafanya kazi niliyosomea. Nilizima mota zote, wakarudia ufunguo wa chuma, nami nikakaa miezi mingi nikitengeneza lugha ndogo ya valvu tu. Kanuni yake kubwa ni hii. Ufunguo ni aina ya peke yake, haunakiliki na hautupiki. Sehemu ya programu ikishautoa, jina lile linakufa hapo hapo, na ukilitaja tena mstari unaofuata, kompaila inakataa programu yako yote. Huhitaji kukumbuka kufuta kitu, kwa maana hakuna kilichobaki cha kufutwa. Wataalamu wana majina marefu ya jambo hili. Mimi nilikuwa nimelitazama likifanywa kwenye mvua na wazee wenye mabuti, nikacheka.

Mzee Njeru alikuwa akipanda gari kutoka Embu kila Jumanne kuja Kinoru, mkono ukiwa bado na bandeji, na nduma za kuchemsha kwenye kikapu. Hakujua kuandika programu. Alijua kuuliza kama mwizi anayetafuta dirisha lililo wazi. Na umeme ukienda katikati ya kupokezana? Na wawili wakiomba kwa pamoja? Na mtu akitoa halafu simu ya mwenzake izime kabla hajapokea? Kila swali nilikaa na karatasi na kalamu hadi nithibitishe kwamba jambo hilo haliwezekani, si kwamba halijatokea tu. Jifunzeni tofauti hiyo hata kama hamtajifunza kingine kwangu. Mara mbili swali lake lilinishinda, nikarudi kubadilisha kanuni.

Ujumbe wa makosa pia ni wake. Mimi nilikuwa nimeandika kitu cha kitaalamu, kwamba haki ya umiliki imehamishwa. Akaniuliza kama hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyesimama kwenye tope. Akanifanya niandike upya, neno kwa neno, na ndivyo mtambo unavyosema hadi leo mtu akigusa bila ufunguo: Ufunguo uko kwa mwenzako. Muulize.

Juu ya funguo za mafundi kulikuwa na ufunguo mkuu, wa kubadilisha programu yenyewe na wa kuuamsha mtambo umeme ukikatika. Huo tulikuwa tukipokezana mimi na yeye, wiki kwangu, wiki kwake. Wakati mwingine nilisahau zamu, nikaingia, na mtambo ukanirudisha: Ufunguo uko kwa mwenzako. Muulize. Nampigia simu, naye anacheka kwanza ndipo anaitika. Tukimaliza mambo ya ufunguo tulizungumza kuhusu mvua, magoti yake, mchumba ambaye sikuolewa naye. Nilikuwa na rafiki, vijana wangu. Sikujua jinsi nilivyokuwa tajiri.

Alifariki kwa ugonjwa wa sukari, ghafla, katika wiki yake. Ufunguo mkuu ulikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa kwenye koti ambalo hakuna aliyelifungua kwa huzuni. Siku ya pili umeme ukakatika, kisha ukarudi. Mtambo uliamka, ukaomba ufunguo mkuu, haukujibiwa, nao ukafunga laini zote nne kama nilivyoufundisha. Kwa hiyo kwenye matanga ya mtu aliyetunza maji ya eneo lile zima, akina mama walipika kwa maji ya kubeba mgongoni kutoka mtoni. Nilifika nikawakuta wakipanda kilima na mitungi. Nilitamani ardhi inimeze. Mke wake ndiye aliyeipata simu. Alikuwa akijua namba ya siri, na alibonyeza, na ufunguo ulipofika kwangu akainua viganja vyake mbele ya waombolezaji akasema, "Sina." Nikajibu, "Ninao." Ule wa chuma, wenye kitambaa chekundu, alinipa niende nao.

Sasa nawaambia jambo nisilojivunia. Niliona tundu lile. Lugha yangu ilikataza ufunguo kunakiliwa, ikakataza kutupwa, na haikuwa na neno lolote kuhusu mwenye ufunguo kufa. Nilipaswa kulishona wiki hiyo hiyo. Sikulishona. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, ikawa kumi na mmoja. Nilistaafu, nikafunga ofisi, ufunguo mkuu nikabaki nao kwenye simu hapa Kaaga. Nilijidai kwamba sijapata kanuni iliyo safi. Ukweli ni kwamba nilipenda kujua kuna manyumba mengi kule Embu yasiyoweza kuendelea bila mimi. Hakuna mwingine aliyenihitaji. Mtambo ulikuwa haukosei, na usipokosea hakuna anayekupigia simu. Kuna wiki simu yangu ililia mara moja tu, na ilikuwa kampuni ya simu ikiniuzia bando.

Mpweke anaogopa vitu vya ajabu. Mimi nilikuwa nikiogopa bafu. Nilikuwa nikifikiri: nikiteleza hapa, nani atajua? Mama anayeniuzia maziwa angeanza kushangaa siku ya tatu, labda. Na kama kungekuwa na mvua kule Manyatta na umeme ukatike, watu wangekaa bila maji wasijue kwamba mwenye ufunguo amelala sakafuni Meru. Nilijua hayo yote. Niliongeza kamba ya kushika ukutani, na kanuni sikuiandika.

Mwaka huu kamati ilimtuma msichana anayeitwa Karimi. Anatoka Maua, mhandisi, miaka ishirini na tisa, na alitumwa kuangalia kama mfumo wangu ung'olewe uwekwe mwingine wa kununua. Nilimpokea vibaya. Nilimpa chai nikamnyima tabasamu. Nilidhani atakuja na maneno ya kwamba lugha yangu haifahamiki na mtu yeyote, jambo ambalo ni kweli. Badala yake akafungua laptopu yake na nikaona ameisoma kompaila yangu yote, kuanzia juu hadi chini, na ameandika maswali pembeni. Aliniambia hakusumbuka sana. Babake ni mkulima wa miraa, na kwao mabunda ya aina zake mbili, giza na kangeta, yanafungwa tofauti kwenye majani ya mgomba, ili mpakiaji mwenye usingizi alfajiri asiweze kuyachanganya hata akitaka. Akasema aina zangu ni hivyo tu. Nikamwongezea chai.

Kisha akauliza, kwa heshima, bila kuinua macho kutoka kwa kikombe.

"Madam, siku yako ikifika, maji yatafungwa?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu Mzee Njeru. Nilitaka kukasirika. Nikasema ndiyo. Nikamwambia na sababu, yote, hata ya bafu. Akaomba karatasi.

Kanuni ilikuwa yake, na ni safi kuliko zangu. Mimi siku zote nilikuwa nikifikiria kumpa mtu wa pili ufunguo wa akiba, na akiba ni nakala, na nakala ndiyo iliyokula vidole vya Mzee Njeru. Karimi aliupa ufunguo umri. Kila baada ya siku chache mwenye ufunguo anaulizwa kama yupo, na akijibu umri unaanza upya. Asipojibu, ufunguo unazeeka na kufa mkononi mwake mwenyewe, ndani ya simu yake, hata kama hakuna mtandao. Unakufa huku kwanza, ndipo unazaliwa kule, kwa mtu aliyetajwa. Katikati kuna muda ambao hakuna aliye nao, na valvu zote zimefungwa. Kamwe hakuna wawili. Nilimwuliza kama mwizi, siku mbili mfululizo, maswali ya Mzee Njeru na yangu. Na saa za simu mbili zisipokubaliana? Alikuwa amefikiria, ndiyo sababu ya ule muda wa katikati. Jioni ya siku ya pili niliweka kalamu chini. Sikuwa na swali lililobaki.

Mfumo wangu haukung'olewa, na kwa kuwa Karimi ndiye angeutunza, ilibidi nimpe ufunguo mkuu. Sikutaka, nawaambia wazi. Tulienda Manyatta pamoja, hadi pale bomba linapotoka msituni. Kulikuwa na ukungu na hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi na mbwa wake. Nilibonyeza kwenye simu, nikampa na ule wa chuma wenye kitambaa chekundu ingawa haufungui chochote siku hizi. Nikainua viganja vyangu. Mikono ya uzee.

"Sina," nikasema.

"Ninao," akajibu Karimi, na alisema bila kucheka.

Nilirudi Kaaga nikalala mchana kutwa. Nyumba ilikuwa na kimya kingine kabisa, kwa kuwa hata ile kazi ya kuogopa sikuwa nayo tena. Siku ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, vidole vyangu vikafanya vilivyozoea. Nikafungua laptopu kuutazama mtambo, kama nilivyofanya kila siku tangu Mzee Njeru afariki, nikagusa bila kufikiri mahali pa mwenye ufunguo mkuu. Mtambo ukakataa. Na pale kwenye kioo, kwa maneno ya mtu aliyekuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko, ukaandika: Ufunguo uko kwa mwenzako. Muulize.

Niliyasoma nikayarudia. Miaka kumi na mmoja mtambo haukuwa umeniambia hivyo hata mara moja, kwa kuwa haukuwa na mtu wa kunielekeza kwake.

Nikachukua simu nikampigia Karimi, na sikuwa na swali lolote.